Kampuni za "majengo ya kijani" kwa shule zetu: kuna aliyefanya nazo kazi Dodoma, au ndo tunapigwa?

#1 Katibu_Veyula
Wakuu habari za jioni, naenda moja kwa moja kwenye pointi.

Mimi ni katibu wa umoja wa tuliosoma shule moja ya msingi huku nje kidogo ya mji, njia ya Kondoa, jina la shule naliacha. Mwaka juzi tulichanga tukajenga vyumba viwili kupitia kampuni moja inayojiita ya majengo rafiki kwa mazingira, hawa wa paneli, povu jeupe katikati na simenti nje, juu bati la rangi, madirisha ya aluminiamu, sola mbili tatu kwa ajili ya taa. Kwenye prezentesheni yao kila neno lilikuwa tamu, jengo linapumua, mchana ubaridi usiku joto, litapunguza gharama za nishati, sisi tukapiga makofi na soda tukanywa. Sasa wamerudi wanataka tuwape vyumba vinne vingine, kotesheni imeshaletwa.

Shida ni hii. Wiki iliyopita nilienda na kipimajoto, kale kadogo nilikonunua kwa ajili ya banda la vifaranga. Saa nane mchana nje kivulini ilikuwa 31. Darasa jipya 34. Darasa la zamani lililojengwa na wazazi wetu enzi za UPE (ile kampeni ya elimu ya msingi kwa wote), tofali za kuchoma, bati lina kutu na halina hata siling, 29. Nimerudia siku tatu mfululizo, majibu ni yaleyale. Mwalimu mkuu ndo mtetezi namba moja wa hilo jengo jipya, ofisi yake iko humohumo pembeni, yeye anasema kipimajoto cha vifaranga hakiwezi kupima binadamu.

Nauliza tu, kwa nini jipya liwe moto kuliko la zamani? Na hizi kampuni, kuna ambayo imewafanyia kitu cha maana shuleni kwenu, au turudi kwa fundi wetu wa mtaani?

#2 nzuguni_boy
Kipimajoto cha vifaranga 😂😂😂 nimeweka kambi hapa siondoki

#3 FundiKizota
Katibu weka vizuri taarifa. Siling ipo? Kutoka kwenye jamvi (sakafu ya zege) mpaka kwenye linta (mkanda wa zege juu ya madirisha) ni futi ngapi? Madirisha yameangalia wapi? Maana watu mnapenda kulaumu tofali kumbe joto linatoka juu, bati ukilishika saa nane Dodoma hii unaacha ngozi, na bati la rangi lenyewe siku hizi watu wanachagua la bluu iliyoiva au kahawia kwa sababu linapendeza kwenye picha ya uzinduzi.

#4 Katibu_Veyula
Siling ya jipsamu ipo. Urefu mpaka siling futi tisa kasoro kidogo. Bati kahawia, umejuaje. Madirisha yanaangalia mashariki na magharibi kwa sababu jengo limefuata barabara.

#5 injinia_mstaafu
Basi uzi ungeishia hapo. Sisi tupo kama digrii 6 kusini mwa ikweta, jua la asubuhi na la jioni linakuja chini chini linapiga ukuta na dirisha moja kwa moja, hakuna upenu wa paa utakaolizuia. La saa sita linakuwa juu utosini hasa mwezi wa tatu mwanzoni na wa kumi. Darasa la huku unalilaza mashariki kwenda magharibi, ncha ndo ziangalie jua, madirisha yaende kaskazini na kusini. Hiyo haina gharama yoyote, ni kugeuza ramani tu, na kampuni inayojiita ya kijani ikishindwa kugeuza ramani hiyo ni kijani ya kwenye kipeperushi.

#6 binti_wa_Mpwapwa
Sawa injinia lakini hilo la zamani nalo limeangalia wapi? Kama yamepanga mstari mmoja hoja yako imekufa.

#7 Katibu_Veyula
Yamepanga mstari mmoja 😅

#8 injinia_mstaafu
Haijafa, imelala. Katibu, upande wa magharibi wa hilo la zamani kuna baraza? Kuna mti?

#9 Katibu_Veyula
Baraza lipo, la nguzo za tofali. Na kuna mwarobaini mkubwa tulikuwa tunachapiwa chini yake. Kwa jipya hakuna, ilipita greda ikasafisha kila kitu siku ya kwanza, tena tulishangilia.

#10 injinia_mstaafu
Nimemaliza.

#11 Mzee_wa_Hombolo
Hujamaliza mzee mwenzangu, usikimbie. Upepo je? Upepo wetu mkubwa unatoka mashariki na kusini mashariki, kila mtu aliyewahi kuanika kitu Dodoma anajua. Ukigeuza madirisha kaskazini na kusini umelikwepa jua sawa, lakini upepo nao unakuja unapiga ule ukuta wa ncha usio na dirisha. Ukilielekeza kwenye upepo unakaribisha jua. Nimejenga zahanati moja kwa ramani yako hiyohiyo, wagonjwa wakawa wanakaa nje.

#12 injinia_mstaafu
Unaweka matundu kwenye ncha, tofali za maua juu ya linta. Halafu upepo wa Dodoma hauji peke yake, unakuja na vumbi, kwa hiyo kuupokea wote si sifa.

#13 QS_Ilazo
Mimi nadhani wote mnalizunguka tatizo. Paneli za povu ni kama chupa ya chai. Chupa ya chai haipoozi wala haichemshi, inatunza ulichoweka. Ukifunga joto ndani linakaa ndani. Nyumba ya mtu mmoja anayewasha AC, hiyo paneli ni dhahabu. Darasa lenye watoto sabini halina AC, unachotunza ni joto lao wenyewe. Mtu mzima aliyekaa tu anatoa joto kama la balbu ya wati 100, mtoto weka hata 60. Katibu darasa jipya lina watoto wangapi?

#14 Katibu_Veyula
72. La zamani 41. Kila mzazi anataka wa kwake akae jipya.

#15 QS_Ilazo
72 mara 60 inapita wati 4,000. Ni kama umewasha pasi nne ukazipanga darasani ukafunga dirisha. Na hayo madirisha ya kuteleza ya aluminiamu hata ukiyafungua yote unapata nusu tu, nusu nyingine kioo kimejificha nyuma ya kioo. Ya mbao ya zamani ulikuwa unayaachia wazi mpaka ukutani.

#16 Mama_Junior_Area_C
Samahanini naomba kuuliza kitu kidogo, katibu ulipopima saa nane hilo darasa la zamani lilikuwa na watoto?

#17 Katibu_Veyula
Mmmh

#18 Katibu_Veyula
La zamani wanakaa la kwanza. Wanatoka saa sita. Lilikuwa tupu.

#19 nzuguni_boy
😂😂😂😂 KATIBUUU

#20 kondoa_finest
Yaani umeiita kampuni matapeli kwa kulinganisha watu 72 na madawati. Mwalimu mkuu aombwe radhi.

#21 Katibu_Veyula
Sijamwita mtu tapeli, nimeuliza. Jumamosi narudi napima yote yakiwa matupu.

#22 MwalimuBahi
Wakati tunamsubiri katibu ngoja nilete lingine. Kila kampuni ikija inaongelea kuokoa nishati. Nishati ipi? Shule yangu ina taa nne, mashine ya fotokopi na chaji za simu za walimu, LUKU ya elfu ishirini inakula mwezi na chenji inabaki. Huwezi kuniuzia akiba ya umeme ambao siutumii. Nishati ya shule ya msingi Tanzania ni kuni. Sufuria mbili za makande, watoto zaidi ya mia nne, kila Jumatatu mtoto anakuja na daftari mkono mmoja na kipande cha gogo mkono mwingine, na mwenye kipande chembamba anarudishwa kutafuta kingine. Jiko letu ni mafiga matatu na kibanda cha bati, mama mpishi macho mekundu mwaka mzima. Hapo ndo aje mtu na hiyo kijani yake.

#23 QS_Ilazo
Hii ndo komenti ya uzi.

#24 binti_wa_Mpwapwa
Ila mwalimu hilo serikali imeshalianza, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeagizwa ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034 unasema asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034.

#25 MwalimuBahi
Agizo nimelisoma dada, limebandikwa ukuta wa ofisi, moshi wa jikoni umeshalifanya la kahawia. Mtungi wa gesi nani anaujaza? Wazazi wanachangia debe la mahindi kwa mbinde. Sikatai, nasema tu kampuni ikija na jiko banifu la matofali lenye bomba la kutoa moshi nje, kuni zikashuka hata nusu, mimi naisaini siku hiyohiyo. Hawaji na hilo. Wanakuja na ukuta.

#26 MshauriMajengo
Siyo wote wababaishaji jamani, mimi nipo kwenye hii sekta. Cha kuuliza kampuni ni vipimo, siyo maneno. Kwa mfano kuna cheti cha EDGE cha IFC, wale wa kundi la Benki ya Dunia, jengo linatakiwa lionyeshe akiba isiyopungua asilimia 20 kwenye nishati, 20 kwenye maji na 20 kwenye nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vyenyewe vya ujenzi. Ukiwauliza hilo wenye longolongo wanaanza kukohoa.

#27 kondoa_finest
EDGE si ni ile ya Wamarekani, majengo ya vioo ya Dar?

#28 MshauriMajengo
Hapana, unayoisema ni LEED, hiyo ndo ya Marekani. EDGE imetengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu.

#29 MwalimuBahi
Akiba ya 20 ukilinganisha na nini?

#30 MshauriMajengo
Na jengo la kawaida la eneo husika.

#31 MwalimuBahi
Jengo la kawaida la eneo husika halina AC wala feni. Asilimia 20 ya sifuri ni ngapi, mimi nafundisha hesabu darasa la sita nisaidie.

#32 MshauriMajengo
😄 Swali zuri, wenyewe walilifikiria. Ile programu inahesabu umeme ambao ungehitajika kumpa mtu unafuu hata kama hakuna AC, ili jengo la moto lisionekane zuri kwa sababu tu wenyewe ni maskini. Kwa hiyo kivuli, mti, matundu, bati jeupe vinahesabiwa.

#33 Mzee_wa_Hombolo
Kwa hiyo tunapewa marejesho ya umeme wa kufikirika. Haya.

#34 Chilonwa_wa_Mvumi
Mbukwenyi. Mnahangaika na paneli wakati jibu mlilibomoa wenyewe mkaliita ushamba. Tembe. Bibi yangu Mvumi alikuwa na tembe, unaingia umeinama, ukuta wa miti na udongo mnene, juu boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito udongo umeshindiliwa, masika majani yanaota juu ya paa na mbuzi anapanda kula huko huko. Saa nane jua kali ndani unatafuta kaniki ujifunike. Usiku udongo unarudisha joto ulilokula mchana. Hakuna prezentesheni hakuna nini.

#35 nzuguni_boy
Na nyoka je

#36 Chilonwa_wa_Mvumi
Nyoka yupo hata kwenye jipsamu.

#37 FundiKizota
Mzee tembe nakubali kwa ubaridi, lakini kila kabla ya mvua unapanda kushindilia upya, ukisahau mwaka mmoja linavuja, boriti zinaliwa na mchwa, na darasa la upana wa mita saba boriti hiyo unaipata msitu gani leo? Tena sisi tupo kwenye Bonde la Ufa, ardhi huku inatikisika mara kwa mara, ule mzigo wa udongo juu ya vichwa vya watoto mimi sisaini.

#38 Katibu_Veyula
Nimerudi. Jumamosi saa nane, yote matupu, madirisha wazi yote. Nje 31. Jipya 32 na nusu. La zamani 29 na nusu.

#39 QS_Ilazo
Kwa hiyo digrii moja na nusu ya jipya ilikuwa watoto wenyewe. Hoja yangu ya pasi imesimama.

#40 injinia_mstaafu
Na tatu zilizobaki ni mti na baraza. Yangu nayo imesimama.

#41 FundiKizota
Tatu ni bati kahawia na siling ya chini. Jipsamu juu yake hakuna kitu, joto la bati linajaa pale darini halina pa kutokea, jipsamu yenyewe inageuka kuwa pasi ya tano. La zamani halina siling lakini kenchi, ile fremu inayobeba bati, iko juu kabisa, joto linapanda linatokea kwenye tofali za maua. Nina uhakika.

#42 kondoa_finest
Kila mtu ana uhakika, darasa moja.

#43 msanifu_mtarajiwa
Anachosema fundi ndo alichofanya Francis Kéré, yule msanifu wa Nigeria aliyepata tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo, 2021. Shule aliyojenga kijijini kwao bati limenyanyuliwa juu, chini yake kuna dari ya matofali yenye nafasi, upepo unapita katikati unabeba joto.

#44 binti_wa_Mpwapwa
Mdogo wangu, ni Burkina Faso siyo Nigeria, na Pritzker aliipata 2022, Mwafrika wa kwanza. Hiyo shule ni ya Gando, ilikamilika 2001, ikapata tuzo ya Aga Khan 2004. Na wanakijiji ndo walifyatua tofali, udongo wa palepale uliochanganywa na simenti kidogo. Kilichonifurahisha mimi ni kenchi zake, amechomelea nondo za kawaida, hizi hizi za kwenye nguzo, akapata kitu chepesi wanakijiji wanaweza kukibeba mkononi bila kreni.

#45 msanifu_mtarajiwa
Asante dada nimechapwa 🙏

#46 Mzee_wa_Hombolo
Dari yenye nafasi na paa lililonyanyuliwa. Hongereni. Popo je?

#47 Mama_Junior_Area_C
Uuuwi popo usiniambie. Shule ninayofundisha, siitaji, fundi aliacha upenyo pale bati linapokutana na ukuta, tena kwa nia njema hewa ipite. Miaka mitatu popo wakahamia na ukoo. Tulianza kuona siling ina ramani za kahawia, tukasema mvua, mvua gani mwezi wa nane? Siku ya mtihani wa majaribio, kimya kabisa, mara tukasikia ubao mmoja wa siling unalia krrrr, ukaachia, kilichoshuka pale sitaki kukielezea nakula. Mtihani uliahirishwa, harufu ilikaa mwezi mzima. Kwa hiyo yeyote anayewashauri kuacha matundu aseme na wavu, tena wavu wa chuma wa matundu madogo, ule wa plastiki wa mbu jua linaula msimu mmoja.

#48 FundiKizota
Wavu nausema siku zote, mwenye kazi anasema utaongezwa baadaye. Baadaye ndo hiyo.

#49 Nkuhungu_tofali
Mimi nafyatua tofali za kufungamana, naomba nijitetee kabla hamjaendelea. Hizi siyo za kuchoma, huhitaji tanuru, na tanuru moja la tofali za kuchoma linakula magogo ambayo mwalimu wa Bahi angepikia makande muhula mzima. Udongo, simenti kidogo, unashindilia kwenye mashine, zinashikana zenyewe kwa hiyo hata mota ya kujengea inapungua. NHBRA, wale wa Wakala wa Nyumba Bora, wamezisambaza miaka mingi tu. Lakini watu wanaziharibu. Kwanza hawapimi udongo. Chukua chupa ya maji inayoonyesha ndani, weka udongo mpaka nusu, jaza maji, tikisa, iache mpaka kesho, mchanga utalala chini, udongo laini katikati, mfinyanzi juu, hapo unaona kwa macho una nini. Mfinyanzi ukizidi tofali linapasuka, ukikosekana linamong'onyoka kama andazi la jana. Pili hawamwagilii. Upepo wa huku ukiliacha tofali wazi siku ya kwanza tu limekauka nje ndani bado, nufa. Funika na nailoni, kivulini, mwagilia wiki moja mpaka mbili.

#50 kondoa_finest
Maji ya kumwagilia wiki mbili yatoke wapi, kwenye visima vya mji vya Makutupora?

#51 Nkuhungu_tofali
Ndo maana nafyatua wakati wa mvua mkuu, na mvua yetu ni moja, Desemba mpaka Aprili. Wafadhili wanaleta hela mwezi wa saba wanataka jengo mwezi wa tisa.

#52 kondoa_finest
Kuhusu maji, mnasahau paa ni shamba. Darasa la mita 9 kwa 7 ni mita za mraba 63, mvua ya Dodoma weka milimita 600, hiyo ni lita 378,000 kwa mwaka. Lita laki tatu! Mnanunua maji ya boza ya nini?

#53 MwalimuBahi
Rudi darasa la sita. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. 63 mara 600 ni 37,800.

#54 nzuguni_boy
kondoa finest ameongeza sifuri kama kotesheni 😂

#55 kondoa_finest
Kidole kiliteleza

#56 MwalimuBahi
Na mwaka mwingine haifiki 600. Toa inayomwagika, inayokauka, ile ya kwanza unayoiachia ioshe vumbi, shika 28,000. Kwa watoto wangu mia nne ni lita 70 kila mmoja kwa mwaka mzima. Si haba, uji unapikika, hasa kwetu visima vina chumvi mpaka chai inakataa maziwa. Ila ukiweka simtanki la lita 5,000 moja ujue linajaa mvua mbili za kwanza halafu nyingine zote unaziangalia zinapita.

#57 Mzee_wa_Hombolo
Na mkipaka bati chokaa liwe jeupe kama alivyosema mshauri, hayo maji mtakunywa chokaa. Halafu jeupe la Dodoma linakaa jeupe wiki ngapi? Vumbi likipita Septemba lote ni kahawia, tumerudi kwa katibu.

#58 injinia_mstaafu
Kuna bati nyeupe la kiwandani, halihitaji chokaa.

#59 Mzee_wa_Hombolo
Vumbi linasoma cheti cha kiwanda?

#60 Diwani_mstaafu_hivi
Naona mnajadili kama vile kampuni inachaguliwa kwa ubora. Shule za serikali zinajengwa kwa fosi akaunti, hela inaingia akaunti ya shule, kamati inanunua vifaa, fundi wa jirani anajenga, ramani inatoka juu imeshachorwa. Kumbukeni madarasa ya UVIKO ya 2021, yalikuwa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kila chumba, yakakamilika kwa miezi michache. Watoto walipata pa kukaa, hilo silibezi hata kidogo, elimu bila ada ilipoanza 2016 tulikuwa tunafundisha chini ya mibuyu. Lakini ramani ni ileile Bukoba kwenye mvua kila siku na Manyoni kwenye jua. Kamati ikitaka kugeuza hata dirisha inaogopa mkaguzi. Kwa hiyo hizo kampuni zinabaki kwa shule binafsi na wafadhili kama kina katibu, ndo maana zinauza maneno, mteja wake hakai darasani.

#61 QS_Ilazo
"Mteja wake hakai darasani", nimeichukua hiyo.

#62 MshauriMajengo
Diwani nakubaliana kasoro kimoja, ramani zinaruhusu kufanyiwa marekebisho kulingana na eneo, mhandisi wa halmashauri akiidhinisha. Nimeona Kongwa wameongeza baraza.

#63 Diwani_mstaafu_hivi
Akiidhinisha. Mhandisi mmoja, kata ngapi, gari moja, mafuta hakuna.

#64 Mama_Junior_Area_C
Katibu mimi nakushauri msisaini kwanza. Vyumba vinne ni hela nyingi. Chukueni vile viwili mlivyonavyo mfanyie majaribio, kimoja kata matundu darini na kwenye ncha mweke wavu, kingine jengeni baraza la magharibi hata la nguzo na makuti, halafu pima. Na miti pandeni leo, mwarobaini miaka minne mitano una kivuli. Hata visiki vilivyobaki baada ya greda, vingine vinachipua vikitunzwa, LEAD Foundation si wanafundisha Kisiki Hai humu humu Dodoma.

#65 Katibu_Veyula
Hii nimeipenda, naipeleka kikaoni.

#66 nzuguni_boy
Lete mrejesho usitukimbie

#67 Katibu_Veyula
Wiki tano baadaye. Samahani kwa kuchelewa. Kikao kilikubali. Chumba A tumekata matundu darini na kwenye kuta za ncha, wavu wa chuma upo, ushauri wa Mama Junior umetumika vizuri. Chumba B tumejenga baraza. Tumepima jana saa nane vyote vitupu. Chumba A 27. Chumba B 27. La zamani 26.

#68 FundiKizota
Umeona!! Dari.

#69 injinia_mstaafu
Umeona!! Baraza.

#70 binti_wa_Mpwapwa
Katibu na nje ilikuwa ngapi?

#71 Katibu_Veyula
24. Mvua imeanza, wiki nzima wingu.

#72 kondoa_finest
😂😂😂 tuonane mwezi wa kumi mwakani

#73 Katibu_Veyula
Kampuni nayo imepiga simu, wamesema wanaweza kutufungia feni za sola kwa bei ya ndugu. Mwalimu mkuu alikuwa upande wao mpaka juzi. Leo nimefika nikakuta meza yake imehamishiwa kile kichumba cha stoo kwenye darasa la zamani, anasema ni kwa muda tu, kule anafuata mtandao wa simu.

#74 nzuguni_boy
Mtandao 😂😂 baridi ya tofali za UPE ndo mtandao

#75 FundiKizota
Na lile kabati lake la chuma mmelipitishaje, milango ya zamani ile ni futi mbili na nusu?

#76 Katibu_Veyula
Limebaki nje barazani. Tunasubiri fundi aje abomoe fremu.

#77 injinia_mstaafu
Asiguse tofali za maua tu.